Kodi ya Mguu wa Delton

Jumamosi asubuhi Marvella Oxendine alikuwa jikoni, akikaanga mikate ya mahindi. Sukuma ilikuwa imeiva tayari, pamoja na vipande vya nyama ya nguruwe. Kwao, wilaya ya Robeson, mikate miwili yenye sukuma katikati ni mlo kamili.

Mumewe, Delton, alikuwa mezani lakini hakuwa akila. Delton alikuwa koplo jeshini. Mguu wake wa kushoto ulivunjwa na bomu lililotegwa barabarani, huko vitani. Tangu aache jeshi, serikali humlipa fidia ya ulemavu kila mwezi. Siku hizi anafanya kazi kwenye ghala, na Marvella anapika shuleni.

"Harlan, yule mnunuzi wa mashamba, anakuja mchana na hela," Delton alisema. "Nitamwuzia shamba."

Marvella aliweka mwiko chini. "Shamba la baba yako? Si ndizo hizo ekari mbili tu zilizobaki?"

"Tufanyeje, mke wangu? Kodi ya mwaka huu ni dola elfu mbili na mia moja. Ya mwaka jana na mwaka juzi tulikopa, na deni bado linatukaba."

"Lakini kodi si tunakatwa kwenye mishahara? Kwa nini kila mwaka tunaambiwa haitoshi?"

"Stancil ndiye anayejua. Ndiyo kazi yake."

Wade Stancil ana duka la kujaza fomu za kodi, nje kidogo ya lango la kambi ya jeshi. Mimi ni mkazi wa mji huu wa wanajeshi, namjua vizuri. Duka lake limejaa bendera. Kila anayeingia huambiwa, "Asante kwa kulitumikia taifa." Kisha hutozwa dola mia tatu na hamsini. Nikiandika haya, damu inanichemka.

Mlango uligongwa. Alikuwa jirani yao, Ernestine Pruitt, amekuja kurudisha sufuria. Ernestine ni sajini mstaafu. Kila mwaka, msimu wa kodi ukifika, yeye hujitolea katika ofisi iliyo ndani ya kambi. Ofisi hiyo huwasaidia wanajeshi, wastaafu na familia zao kujaza fomu, bila malipo.

"Koplo, mbona umenuna kama umenyimwa likizo?" aliuliza.

Marvella alimweleza yote. Ernestine akavaa miwani, akaomba kuziona fomu.

"Hizi elfu kumi na nane ni za nini?"

"Fidia ya mguu wangu," Delton alijibu. "Nilimwambia Stancil aandike kila senti. Jeshini tulifundishwa kutoa ripoti kamili. Askari hafichi kitu."

"Naye akaandika?"

"Akaandika. Tena akanisifu kwa uaminifu."

Ernestine alivua miwani. "Delton, fidia ya ulemavu haitozwi kodi! Haiandikwi hata kwenye fomu kama kipato. Hata senti moja!"

"Yaani tumeulipia kodi mguu uliovunjika?" Marvella alipaza sauti. "Miaka miwili! Na huu wa tatu!"

"Huu wa tatu fomu bado haijapelekwa, kwa hiyo tutajaza upya," Ernestine alisema. "Ile miwili tutaisahihisha. Sheria inatoa miaka mitatu tangu fomu ilipopelekwa. Mlicholipa zaidi kitarudishwa."

"Na pensheni ya jeshi?" Marvella aliuliza.

"Hiyo ni kitu kingine, kwa kawaida hutozwa. Mimi nailipia. Lakini Delton hana pensheni, ana fidia. Usichanganye." Kisha akagonga fomu kwa kidole. "Na hapa chini, mtu anayelipwa kujaza fomu lazima atie sahihi na namba yake. Pako wazi. Anayekula hela yako halafu akakataa kutia sahihi, mkimbie."

Delton alisimama, akachukua fimbo yake. "Sikimbii. Twendeni kwake."

Dukani palikuwa na foleni. Stancil alitabasamu. "Koplo! Asante kwa kulitu—"

"Acha shukrani zako. Tia sahihi hapa."

"Si lazima, ndugu yangu. Ni utaratibu wetu tu."

"Utaratibu wa nani? Umeandika fidia yangu kama mshahara!"

"Wewe mwenyewe uliniambia niandike zote!"

"Nilikuambia kwa sababu sikujua. Wewe ulilipwa ili ujue!"

Mwanamke mmoja kwenye foleni alisogea mbele. "Mume wangu yuko vitani sasa hivi. Mshahara wake wa huko nao umeuandikia kodi?"

Stancil alianza kupangapanga kalamu zake. Mwanamke akamgeukia Ernestine.

"Mshahara wa askari wa kawaida aliye eneo la vita haukatwi kodi ya mapato," Ernestine alimwambia. "Njoo Jumatatu kambini. Beba kitambulisho na karatasi za mshahara. Hutalipa kitu."

Mwanamke alichukua karatasi zake mezani akatoka. Watu wengine wawili wakamfuata.

Mchana Harlan alifika na hela zake. Alikula mikate na sukuma, akaondoka na hela zake; shamba halikuuzwa. Jumatatu fomu ya mwaka huo ilijazwa upya, na Delton hakudaiwa kitu. Fomu mbili za zamani zilisahihishwa, na barua ya malalamiko dhidi ya Stancil ikapelekwa kwa mamlaka ya kodi. Kabla mwaka haujaisha, pesa za miaka ile miwili zilirudi, pamoja na riba. Deni lilikwisha. Masika yaliyofuata, Marvella alipanda sukuma katika shamba la baba mkwe wake.

Lakini hasira ya Delton haikwisha, na mimi simlaumu. Msimu wa kodi ulipoanza tena, aliweka kiti upande wa pili wa barabara, mkabala na duka la Stancil. Mbele yake alisimamisha ubao: FIDIA YA ULEMAVU HAITOZWI KODI. MSAADA WA BURE UKO NDANI YA LANGO.

Stancil alivuka barabara, uso umemwiva kwa hasira. "Unaniharibia biashara!"

"Ndiyo," Delton alijibu, akampungia mkono askari mwingine aliyekuwa akipita.