Lango Lililosoma Macho

Kisomamacho, mtambo wa lango la stesheni, kilimkamata mlevi wa kwanza saa mbili na dakika nne asubuhi. Kilimtazama kwa robo ya sekunde, mikono yake miwili ya chuma ikateremka kutoka darini, ikamwinua na kumbwaga sakafuni. Kisu alichokificha kiunoni kikaanguka. Abiria wa treni ya sumaku wakapiga makofi.

Mhandisi Nyamizi Kasoga alisimama kando, akifurahi kimyakimya. Mtambo ulikuwa wake. Mwaka ule watu ishirini na saba wa jiji la Igombe Mpya walichinjwa ndani ya treni, na wauaji wote walikuwa wamekunywa gongo ya maabara, ambayo huyatikisa macho. Kisomamacho kilitafuta mtikisiko huo. Langoni hakikuwa na kitufe cha kukizima. Wananchi wenyewe walikikataa kitufe kwenye mikutano, wakisema askari akipewa kitufe atawapitisha shemeji zake. Nyamizi aliona wanasema kweli, akakiondoa.

Aliyefuata alikuwa Mwalimu Lusangija, mstaafu wa hisabati, na mkewe Kabula. Mwalimu alizaliwa na macho yanayochezacheza yenyewe, kushoto na kulia, hali ambayo matabibu huiita nistagmasi. Kwake haikutokana na ulevi wala woga, na hakuweza kuizuia, kama mtu asivyoweza kuuzuia moyo wake kupiga. Ili aone vizuri aligeuza uso kidogo kushoto, maana macho yakielekea kulia kwa pembe hiyo yalitulia. Utotoni alichapwa sana kwa hilo. Wakubwa walidhani anawatazama kwa dharau.

Mbele ya mtambo akageuza uso. Mtambo ukamwamuru atazame mbele. Mwalimu, mtu wa kutii kanuni, akatazama mbele, na hapo ndipo macho yake hucheza zaidi.

Askari wa lango akacheka. "Mwalimu, na wewe umo? Asubuhi yote hii?"

"Sijanywa, mwanangu. Macho yangu ndivyo yalivyo tangu..."

Mikono ikamvamia. Mfupa wa bega ulilia kama kuni kavu. Alipofumba macho kwa maumivu, kidole cha chuma kikamfumbua kope kwa nguvu, damu ikachuruzika shavuni. Nyamizi alijua kinachofuata, kwa sababu ndiye aliyekiandika: vidole huendelea kukaza hadi macho yatulie. Ya mwalimu yasingetulia kamwe.

Kabula aliuponda mkono wa mtambo kwa mkoba wake mpaka mkoba ukapasuka. Kisha akamgeukia Nyamizi, aliyemjua kutoka mikutanoni.

"Mama, zima mashine yako. Mume wangu hanywi hata togwa."

Nyamizi alikwishapiga simu kituo kikuu. Walimjibu kwamba kukizima kunachukua dakika tisa. Mwalimu alikuwa ameanza kukoroma, vidole vikiwa shingoni mwake.

Ndipo Nyamizi alipokumbuka mchezo wa watoto wa kujizungusha. Maji ya ndani ya sikio huendelea kuzunguka mtu akishasimama, na macho huyafuata. Akajizungusha mara ishirini, watu wakidhani amerukwa na akili, akasimama akiyumba mbele ya kioo cha mtambo na kuyakodoa macho. Kanuni ilikuwa moja: yanayocheza zaidi hushughulikiwa kwanza.

Mikono ikamwachia mwalimu, ikamshika yeye. Ilimvunja mbavu mbili na kumsaga mkono wa kulia kabla macho yake hayajatulia. Vidole vikalegea. Sauti tamu ikatangaza, "Abiria yuko salama. Safari njema." Sakafuni, Kabula alikuwa amemfunika mumewe uso kwa khanga, mtambo usimwone tena.

Kisomamacho kilizimwa. Jioni hiyohiyo wananchi walikuwa wakidai kirudishwe.

Siku ya tisa Nyamizi alikwenda wodini kumwomba mwalimu msamaha. Jicho moja la mwalimu lilikuwa limepotea. Nyamizi alisimama miguuni pa kitanda, mbele yake kabisa, kama alivyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa. Akaeleza yote, na kwamba hatakiwasha tena hata wakimfunga. Jicho lililobaki lilicheza na kucheza.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Shingo yangu wameifunga, mama," alisema. "Siwezi tena kugeuka. Sogea wewe, huku kulia kwangu, nikuone."

Nyamizi akasogea.