Taa za Gari la Bibi Harusi

Jumamosi asubuhi, Leodgar alikuwa akiosha gari lake mbele ya nyumba, pale Ushirombo. Binti yake Vaileth alikuwa anaolewa siku hiyo huko Isaka, na gari hilo ndilo lingempeleka. Ndani, wanawake walikuwa wakimpamba huku wakiimba.

Mkewe, Febronia, akatoa simu.

"Baba Vaileth, washa taa! Niwarushie wakwe video!"

Muda mfupi baada ya kuituma, simu iliita. Alikuwa Agatha, shangazi wa bwana harusi.

"Mama Vaileth, mbona taa zinakatakata? Moto ukizuka njiani je? Bibi harusi asipande humo!"

Wakaitazama video. Kweli! Taa zilikuwa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Nyimbo zikanyamaza. Vaileth akatoka nje, machozi yanamlengalenga.

Leodgar akashika koleo. "Nakata nyaya hizi, nifunge taa nyingine!"

"Usikate! Tumwite Zuwena kwanza," Febronia akasema.

Zuwena, jirani yao, ni fundi umeme wa magari. Alikuja mbio na pikipiki.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Hebu ona balaa hili."

Zuwena akaitazama video, kisha akakagua nyaya za taa. Zote zilikuwa zimekaza.

"Baba, ziangalie taa kwa macho yako. Zinakatika?"

"Aa, zimetulia."

"Basi ni nzima. Hizi ni taa za LED, na nyingi za aina hii huwaka na kuzima haraka mno, mara nyingi kwa sekunde moja. Macho hayawahi kuona. Lakini video ni picha nyingi zinazofuatana. Picha moja inaikuta taa inawaka, nyingine inaikuta imezima."

Akawasha taa ya LED ya pikipiki yake, akairekodi. Nayo ikakatakata kwenye simu!

"Kumbe!" Vaileth akacheka.

"Ila macho yenyewe yakiona taa inakatika, pelekeni gari kwa fundi. Huenda waya umelegea."

Febronia akampigia Agatha, akamweleza. Vigelegele vikapasuka, safari ikaanza.

Walipofika Isaka, Agatha alisimama mbele ya gari, akazikazia macho zile taa. Zilitulia tuli. Akainua simu kurekodi, zikaanza kukatakata.

"Jamani, njooni muone!" akawaita ndugu zake. "Simu inatudanganya! Mfungulieni bibi harusi mlango, ashuke!"