Mikanda Aliyovalishwa Mtakatifu Petro

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Petro, ndugu zangu, mji wa bandari wa Chimbote, kule Peru, ulinukia maua na samaki. Nélida alimkaangia mumewe mayai huku akiimba. Mwaka ule alikuwa mkuu wa kamati ya sikukuu, na tusifichane, cheo kilimvimbisha kichwa kidogo.

"Evaristo, niazime ile mikanda na winchi ya kuvutia, ya kiwandani kwenu kwa samaki. Sanamu nzito kuipakia mashuani. Mwaka jana nusura Petro wetu akaogelee."

"Ile ni ya kutolea watu shimoni, mama."

"Leo sikukuu, nani anaingia shimoni? Au unamnyima mtakatifu?"

Evaristo akacheka, akaileta.

Mchana Nélida alikuwa gatini, akiitazama mashua ya mtakatifu ikizunguka ghuba kwa tarumbeta. Moyo wake ulikuwa mweupe. Ndipo Casimira, anayefanya kazi na Evaristo, akaja mbio.

"Mikanda iko wapi?"

"Ameivaa mtakatifu. Kuna nini?"

"Meneja kataka shimo la samaki lioshwe leo leo. Mdogo wako Wilmer kaingia. Kufika chini akatuambia harufu imekwisha, tukajua mambo shwari. Mara kaanguka. Mumeo yuko juu, anangoja mikanda."

Harufu haikuwa imekwisha. Hewa ya samaki waliooza huua pua kwanza, kisha mwenye pua.

Nélida akavua shali akaipunga, akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Kule majini watu wakamwona mkuu wa kamati anashangilia. Wakampungia mikono, na tarumbeta zikazidi.

Mashua iliporudi, alifungua vifungo vya mikanda kwa meno. Alipofika kiwandani, juu ya shimo hapakuwa na Evaristo. Evaristo alikuwa amemwita Wilmer, shemeji yake, shemeji hakuitika, akashindwa kuvumilia akashuka mikono mitupu.

Mikanda ikawatoa wote wawili, maua yakiwa bado yamenasa kwenye vifungo. Hakuna aliyekuwa hai.

Funzo

Kifaa cha kuokolea mtu hakiazimwi, hata kwa mtakatifu. Kama hakiko mdomoni mwa shimo, mtu asiingie, meneja aseme atakavyo. Pua yako usiiamini. Na aliyewekwa juu abaki juu, aite waokoaji wenye vifaa, hata kama aliye chini ni damu yake.

Nélida hukaanga mayai mpaka leo. Huyaweka mezani, yakapoa, akayamwaga.