Kilichotafuna Ukutani

Jirani yetu tulimwita Mama Kelele, wala si kwa ugomvi. Kelele ndizo zilizompa ugali wake wa kila siku. Alitengeneza sauti za podikasti moja ya hadithi za anga za mbali. Mlango wa chombo ukifunguka, hiyo ilikuwa droo ya kabati lake. Upepo wa sayari isiyo na watu ulikuwa shuka likipepezwa, na roketi ikipaa ilikuwa jiko la gesi pamoja na pumzi zake mwenyewe. Watu walisikiliza wakishika vifua. Yeye alicheka mpaka machozi: "Jamani, mnaogopa droo yangu ya vijiko!"

Studio yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Mwenye podikasti aliigiza nahodha wa chombo, na jina la Nahodha likamganda hata nje ya mchezo. Kuta zote alikuwa amezisimamishia magodoro makuukuu ya sponji ili kelele za barabarani zisiingie. Kaka yake Mama Kelele, fundi bomba mwenye sauti nzito kama pipa linalobingirika, ndiye aliyeigiza Mlaji, kiumbe aliyejibanza ndani ya kuta za chombo akiwala wasafiri mmoja mmoja.

Alasiri moja ya jua kali walikuwa wanarekodi Mlaji akila. Mama Kelele alikuja na ini bichi kwenye bakuli na mkate uliolowekwa maziwa. Akafinya, akakamua, akavuta. Kaka yake alisogea karibu na mlango, mdomo umekaribia kugusa godoro, akawa anakoroma maneno yake.

"Basi," kaka mtu akasema, akajifuta jasho.

Mama Kelele akatoa mikono kwenye bakuli. Nahodha, hedifoni kichwani, hakuinua macho.

"Usiache! Hapo kwenye kumeza ndipo umepatia."

"Nimeshaacha."

Nahodha akageuka. Mikono ya Mama Kelele ilikuwa hewani, maji ya ini yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Na ndani ya hedifoni kitu kiliendelea kutafuna.

Mama Kelele alitaka kipande kile kifutwe. Nahodha hakusikia la mwadhini wala la mnadi sala. Akakirusha hewani kama kilivyo, na wasikilizaji wakakipenda kupita kiasi. Kuna waliosema wameshindwa kumaliza chakula chao.

Nyumbani, mambo yalianza mezani. Kaka yake alikuwa akitafuna kabla hajatia kitu mdomoni. Anakaa, sahani iko mbele yake, mikono iko magotini, taya zinakwenda. Akiulizwa, anashtuka. Kisha sauti ikaanza kukwaruza, ikawa mnong'ono, ikakatika kabisa. Daktari alimmulika kooni, hakuona kitu, akampa dawa ya kikohozi. Lakini pumzi zake zilikuwa na harufu. Mama Kelele aliijua. Ni harufu ya kitanda cha mgonjwa ambaye hajageuzwa.

Asubuhi moja, wakinywa chai, akakohoa. Akakohoa tena. Akatia vidole viwili mdomoni, akashika kitu, akaanza kuvuta.

Kikaja. Kikaendelea kuja.

Ilikuwa sponji ya manjano, imetafunwa ikawa kama kamba, imelowa makamasi. Ndani yake zilikuwa zimesokotwa nywele nyeupe. Kaka yake hakuwa na mvi hata moja. Kamba ile ikaanguka kwenye kisahani, pwaa, ikatulia karibu na mkate.

"Kaka, umekula nini?"

Akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. Midomo yake ikatamka bila sauti: *Si mimi.*

Mama Kelele hakumaliza chai. Alimkuta Nahodha studio, akafunga mlango.

"Magodoro haya umeyatoa wapi?"

"Nilipewa bure."

"Na nani?"

Nahodha akakuna shingo. Akashusha sauti kama mtu anayeungama. "Kuna mzee alifia juu ya hili la mlangoni. Wanawe walikuwa wamemfungia chumbani. Wakawa wanasahau kumpelekea chakula."

"Wanasahau?"

"Ndivyo walivyosema." Akameza mate. "Alipokutwa, godoro lilikuwa limeliwa upande wa kichwani. Nikaligeuza, upande ule ukaelekea ukutani."

"Ukajua hayo yote, ukamweka kaka yangu mdomo pale pale?"

"Lile shimo linameza mwangwi vizuri, Mama. Sauti inatoka safi."

Mama Kelele alimtazama kama mtu anavyotazama funza kwenye nyama. Alivaa hedifoni, akachukua maiki, akaipitisha polepole juu ya godoro.

Kutafuna kulikuwepo. Kulikuwa kwa taratibu, kwa mate mengi, kama kwa mtu asiye na meno ya kutosha. Maiki ilipokaribia, kukakoma. Kukakoma kama anavyokoma mlaji aliyesikia hatua mlangoni.

Kisha sauti ya kaka yake, nzito, nzima, ikasema kutoka ndani ya sponji:

"Nina njaa."

Maneno hayo hayakuwemo kwenye mchezo.

Wakaligeuza godoro. Shimo lilikuwa kubwa kama sahani, kingo zake zimelegea, nyekundu, zinateleza kama ndani ya shavu. Joto lilitoka humo. Utando wa mate ulitanda kutoka ukingo hadi ukingo, ukikatika na kujishona tena. Ulikuwa unapumua.

Nahodha alikimbilia dukani akarudi na kopo la mafuta ya taa. Mama Kelele akamshika mkono.

"Ukichoma sasa, unachoma na sauti ya kaka yangu."

"Sasa tufanyeje?"

"Mtu mwenye njaa anafanywaje?"

Akaenda nyumbani, akakoroga uji mwepesi wa mgonjwa, akarudi na bakuli na kijiko. Akapiga magoti. Harufu ilimpanda mpaka machoni. Akapeleka kijiko.

Shimo likakidaka. Likanyonya. Kitu kigumu kikagonga chuma, ka, ka, ka. Kijiko kikarudi kikavu, kimelambwa.

"Polepole, baba," akanong'ona. "Upo mwingi."

Kijiko cha pili. Cha tatu. Uji ukamwagika pembeni, na ulimi, maana haukuwa kitu kingine, ukatoka kuufuata. Ulikuwa wa kijivu, umepasuka pasuka. Ukakilamba kidole chake. Ukapanda kiganjani. Ukakaa hapo, ukionja chumvi ya jasho, hauna haraka. Mama Kelele akafumba macho. Hakuondoa mkono. Nyuma yake, Nahodha alikuwa akitapika ndani ya ndoo.

Kijiko kilipokwangua chini ya bakuli, shimo lilimtolea mbweu usoni, mrefu, mzito, wa vuguvugu. Kingo zikakauka. Joto likazimika. Mbele yake pakabaki godoro bovu lenye tundu.

Simu yake ikalia.

"Dada!" Ilikuwa sauti ya pipa linalobingirika. "Dada, naongea! Unanisikia?"

Alilia huku akijipangusa mkono kwenye gauni, akiupangusa na kuupangusa.

Jioni hiyo hiyo waliyachoma magodoro yote jalalani. Watu wa jirani walifunga madirisha, wakauliza nani anachoma nyama iliyooza. Kaka yake aliapa haigizi tena hata sauti ya paka. Sehemu ya mwisho ya mchezo waliirekodi sebuleni kwa Mama Kelele, penye viti vya mbao na sakafu tupu, na humo Mlaji alikuwa ameshakufa, hana neno hata moja. Nahodha akairusha hewani Jumamosi.

Kufikia adhuhuri, wasikilizaji walikuwa wanasifu. Wengi waliuliza jambo lile lile: yule babu wa mwisho kabisa, baada ya muziki, nani ameigiza?

Hawakuwa na babu.

Mama Kelele akakaa kitini sebuleni, akavaa hedifoni, akaupitisha mchezo mpaka muziki ulipokwisha. Kimya. Kisha mate yakamezwa, karibu sana, kama yanamezwa sikioni. Sauti ya mzee, ya upole, ya mtu aliyelelewa akalelewa vizuri, ikasema:

"Mwanangu, ongeza."

Aliing'oa hedifoni kichwani, akaitupa mezani. Sikio lake la kushoto lilikuwa limelowa. Sponji ya hedifoni upande ule ilikuwa imetafunwa nusu nzima, na ilikuwa bado ina joto.