Ubongo Wenye Njaa

Gari lilikuwa limeshatoka getini mwa hospitali, linashika njia ya Lubudi, mzee Badibanga amelazwa nyuma juu ya godoro. Anayeendesha ni Dimitri, mpwa wake aliyeishi naye mtaa wa Kasulo. Laurentine, binti wa mzee, alifika kutoka Kapata akakuta kitanda kitupu. Akakimbilia polisi, kwa inspekta Myriam Mbayo.

"Mama shefu, banaenda kuzika baba yangu na angali anapumua!"

Myriam alilizuia gari kwenye kizuizi cha mwisho cha Kolwezi. Upande wa kulia wa mzee ulikuwa umepooza. Kusema, hasemi.

"Ilimukamata jana mangaribi," Dimitri alisema. "Ku hospitali banasema dawa ya kuyeyusha damu yenye kuganda, saa yake ilishapita. Namupeleka akafie kwao Lubudi. Ni mubaya?"

"Ni Mechack alimupiga!" Laurentine akalia.

Mechack ni mchimba kobalti. Alikuwa ameomba kuchimba chini ya nyumba ya mzee, mzee akamfukuza. Polisi wakamleta.

"Mi nipige muzee? Ye njo alinipiga na fimbo! Guseni hii nundu!"

Myriam akawarudisha wote hospitali. Daktari Kankolongo akamwingiza mzee kwenye skana. Hakuna damu iliyovuja, hakuna mfupa uliovunjika. Mechack akapumua. Kisha daktari akamchoma mzee sindano ya dawa ambayo mashine huiona, ikaifuata ikipita na damu kichwani.

"Ona, mama. Hapa pekundu, padogo, pamekufa. Hii kijani yote damu inafika kidogo, tena kwa kuchelewa. Ina njaa, lakini iko hai."

"Basi Dimitri anadanganya?"

"Picha haina saa. Wengine bongo zao zinavumilia mpaka kesho yake. Lakini nikijua ilianza leo, dawa naipiga sasa hivi. Saa utafute wewe. Na kijani hii haitungoji."

Myriam akainama chini ya kitanda. Viatu vya mzee: tope bichi kwenye soli zote mbili. Akatoka navyo kwenye korido.

"Dimitri, hili tope?"

"Mvua ya jana mangaribi. Ilimukuta inje, njo akaanguka."

Laurentine akamkodolea macho. "Mvua gani? Jana yote ilikuwa vumbi! Imenyesha leo, kukicha."

"Mguu uliokufa jana haukanyagi tope la leo," Myriam alisema. Akapaza sauti mlangoni: "Daktari, ni leo! Piga dawa!" Akamgeukia Dimitri. "Mabati ya Kasulo yote yalilia alfajiri. Wewe ulikuwa wapi usisikie?"

Dimitri akatazama soli za viatu. Mechack ndiye aliyecheka.

"Mu shimo, mama shefu. Kule chini mvua haisikiki. Unatoka tu, unakuta tope."

"Nilichimba usiku muzima. Asubui muzee alisikia sururu," Dimitri akasema mwishowe. "Akazunguka nyumba, akakuta shimo yangu nyuma ya choo. 'Unachimba chini ya kitanda yangu?' Akaanguka palepale. Mi sikumugusa, mama!"

"Hukumgusa. Ulimwibia saa, asipone akalitaja shimo."

Mzee Badibanga anaishi Kapata kwa binti yake, anatembea na fimbo. Maneno yamerudi, si yote. Dimitri yuko gerezani. Mechack alilijaza lile shimo, akaenda kuchimba kwingine. Nyumba ya Kasulo imepasuka ukuta mmoja. Hakuna anayelala humo.