Ubavu Usio na Tundu

Kwa kawaida chuma kikigongwa hujibu mara moja, kisha hunyamaza. Ubavu wa lile gari jekundu ulijibu mara mbili.

Fundi aliyeugonga aliitwa Nyundo na watu wote, hata na mama mkwe wake, kwa sababu hakuna gari aliloligusa kabla ya kuligongagonga kwa kinyundo kidogo cha mpini wa mbao, ametega sikio, kama mtu anayechagua tikitimaji. Chuma kizima kilimpa mlio mwembamba unaokwenda mbali. Chuma kilicholiwa na kutu kilimpa mlio mfupi, wa kichovu, na hapo alichora mduara kwa chaki. Siku hiyo alikuwa amelala chali chini ya gari, juu ya katoni iliyokunjuliwa. Akagonga, akapata mlio wa kichovu, akashusha mkono atafute chaki. Ndani ya chuma kitu kikagonga tena, polepole, kama kinachomwiga.

Akamuuliza mkewe kama ni yeye. Mkewe, aliyekuwa amejikunyata ndani ya gari akipima viti, akasema agonge na nini wakati mdomo umejaa pini. Wakacheka, kazi ikaendelea.

Mkewe alikuwa fundi wa viti. Cherehani yake nzito ya kushonea ngozi ilikaa upande mmoja wa karakana, mashine ya kuchomelea ya mumewe upande wa pili, na katikati yalipita magari ya watu. Tangu waoane walikuwa wakitengeneza starehe za wengine. Hawakuwahi hata siku moja kupanda wawili tu katika gari lisilo la mteja na kwenda mahali pasipo na kazi. Ndiyo maana waliponunua kwa bei ya bure lile gari la zamani la michezo, viti viwili, halina paa, limelala miaka katika banda la marehemu mmoja, walilisukuma hadi nyumbani wakicheka kama watoto waliotoroka shule. Mke alishaapa kwamba siku litakapotembea, safari ya kwanza itakuwa kwa dada yake mkubwa, na watapita barabara ndefu kwa makusudi.

Kabla ya hapo kulikuwa na kutu. Gari lisilo na paa hushikwa na mbavu zake, yale maboksi mawili ya chuma yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Yakioza, gari hukunjika katikati kama daftari. Ubavu wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikuwa kioja: kiraka juu ya kiraka, na juu yake kiraka kingine, vyote vimechomelewa juu ya kutu ileile bila kukatwa hata kidogo. Tena ulikuwa umezibwa kabisa. Kila ubavu wa gari huachiwa matundu chini ili maji yatoke, lakini huu haukuwa na hata tundu la kupitisha msumari.

"Huyu alikuwa fundi au mshona magunia?" Nyundo aliuliza. "Ubavu bila tundu la maji..."

"...ni jeneza la gari," mkewe akamalizia. Mahubiri hayo aliyajua kwa moyo.

Hela ya chuma kipya haikuwepo, kwa hiyo Nyundo alipata kabati la chuma lililotupwa na ofisi fulani, akalipasua vipande vizuri vya bati nene. Alichomelea bomba la kushikilia katika uwazi wa mlango ili gari lisikunjike, akaliweka juu ya stendi, akavaa miwani, akaanza kukata hadi afike penye chuma kizima. Hivyo ndivyo fundi mwenye heshima zake anavyofanya. Mkewe alikuja kumwangazia taa.

Viraka viling'oka kimoja kimoja kama maganda. Cha mwisho kilipodondoka, Nyundo alitegemea kukuta kutu ya unga na matope. Ndani mlikuwa mweusi na mtupu, na hewa ikatoka, baridi, ikapita mkononi mwake na kuzipeperusha nywele za mkewe aliyekuwa ameinama karibu. Mkewe akavuta pumzi kwa mshtuko.

"Mmh," akasema. "Inanuka kama sarafu zilizoshikwa sana."

Kisha akapiga chafya, akarudi kwenye viti vyake.

Kwanza ziliharibika sindano. Alikuwa akizitunza ndani ya kopo lenye mafuta, na alipolifungua asubuhi zote zilikuwa zimeliwa na kutu. Wakalaumu hali ya hewa. Halafu foronya yake ikaanza kuamka na doa la kahawia pale alipoweka mdomo. Alikunywa maji birika zima na bado akalalamika kiu. Mwanamke huyu alikuwa mtu wa maneno, anayeweza kugombana na uzi na kupatana nao kabla hujamaliza chai, sasa akawa anajibu kwa neno moja, na neno lenyewe lilitoka na mwangwi kidogo, kama anayeongea akiwa ameingiza kichwa ndani ya pipa. Mumewe alimwambia aende hospitali. Wakampima, hawakuona kitu, wakampa vidonge vya kuongeza damu.

Nyundo aliogopa, lakini aliogopa kama watu wazima wanavyoogopa, kwa kuongeza kazi. Alikata, akakunja bati, akapimisha. Ila kila alipogonga chuma chake kipya kusikiliza kama kimekaa, ubavu ulijibu mara moja tu, kama inavyotakiwa, na mlio wa pili ulitoka nyuma yake, upande wa cherehani, alikokaa mkewe amemtazama bila kupepesa.

Alasiri moja mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na karakana ikawa na ule mwanga wa kijivu usiotosha kufanya kazi. Mkewe alikuwa amelala kiubavu kwenye kochi la mteja, mgongo umeelekea kwake. Nyundo akakaa karibu naye akisikiliza mvua juu ya mabati, na bila kufikiri, kwa ule ugonjwa wa mkono uliompa jina, akagonga kwa kifundo cha kidole kwenye mguu wa chuma wa kochi. Kitu kikagonga kumjibu. Akajiambia ni mvua, akagonga tena, taratibu zaidi, na safari hii alikuwa ameweka kiganja chake cha pili juu ya mgongo wa mkewe, na jibu likamgonga kiganjani, kutoka ndani, kati ya mfupa na mfupa, mlio mfupi wa kichovu alioujua kuliko sauti ya mama yake, mlio wa chuma kilichooza, na kabla hajaondoa mkono kikagonga mara nyingine bila kuulizwa, kikahama chini kidogo, kikagonga, kikahama, kama fundi anayetafuta penye udhaifu ili aweke alama ya chaki.

"Usinikate," mkewe akanong'ona usingizini. "Humu mna joto."

Sauti haikuwa yake.

Nyundo alitoka mvuani bila koti hadi kwa kijana aliyewauzia gari, akamkuta anakula, akamuuliza ni nani aliyekuwa akichomelea gari la marehemu baba yake. Kijana akasema alikuwa fundi mmoja tu, anakuja kila mwaka mwenyewe bila kuitwa, anabandika kiraka, anaondoka; walidhani ana mapenzi na gari. Naye sasa ni marehemu. Mjane wake yupo, anatibu watu katika chumba cha nyuma ya duka la vioo.

Mjane alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiye na haraka. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulimcheka mume wangu?" akauliza.

Nyundo hakuweza kusema uongo. "Nilimcheka, mama. Nilimwita mshona magunia."

"Hakuwa fundi mbovu. Alijua kukata kama wewe." Alivua miwani, akaifuta kwa kanga. "Hilo ni jini la mvunguni, mwanangu. Linapenda mahali padogo, peusi, palipofungwa. Mwenye gari alipata jini hilo huko alikolipata, likaanza kumla mwanawe, na mume wangu akalifungia mle ubavuni. Lenyewe lina unyevu, linakiozesha chuma kwa ndani. Ndiyo maana alirudi kila mwaka. Wewe umekuja na usafi wako ukalifungulia mlango, na aliyekuwa karibu ana kifua chenye nafasi."

Nyundo akauliza kama linaweza kuuawa. Mjane akasema angekuwa anajua kuua majini asingekaa nyuma ya duka la watu. Kinachowezekana ni kulirudisha, na lirudishwe upesi, kwa sababu mwili wa mtu haubandikwi viraka.

Walifanya kazi hiyo siku iliyofuata, mlango wa karakana umefungwa. Nyundo alichomelea ubavu wote kwa bati la kabati, akaacha mdomo mmoja wa upana wa kiganja. Wakamketisha mkewe sakafuni, shavu lake likiwa karibu na uwazi, wakamfunika blanketi lililoloweshwa maji asiunguzwe na cheche. Alikuwa mwepesi mno kumwinua. Midomo yake ilikuwa ya kahawia na pumzi yake ilikwaruza.

Mjane akachukua kile kinyundo cha mpini wa mbao, akaanza kuugonga ubavu upande wa mbali. Akagonga, akangoja. Kutoka ndani ya mwili wa mwanamke kitu kikajibu. Akagonga tena, akiimba chini kwa chini kama anayembembeleza mtoto alale, akiliambia kwamba hapa ni peusi, hapa ni pake pa zamani, huko liliko kuna moyo unaopiga kelele usiku na mchana na halitapata usingizi; na kila alipogonga, jibu lilipanda, likatoka tumboni likaja kifuani, likatoka kifuani likaja kooni, na shingo ya mwanamke ikavimba mbele ya macho ya mumewe, ikavimba hadi ngozi ikang'aa, na macho yake yakafunguka yakamtafuta, yakamwona, na yalikuwa macho yake mwenyewe, yamejaa hofu, yanamwomba, na Nyundo akiwa ameshika mashine mkononi hakuruhusiwa hata kumshika.

Akakohoa. Unga wa kutu ukatoka, kisha hewa, baridi ileile, ikaingia ubavuni kwa mlio kama mtu anayevuta uji wa moto.

"Funga," mjane akasema.

Nyundo akabandika kipande, akachoma. Alikimbiza mkono hivi kwamba mshono ulitoka na mafundo na matuta, mbaya kuliko wowote aliowahi kuuchoma tangu aanze kazi. Akaongeza kiraka juu yake, na kingine juu ya kile. Ndani ya chuma kitu kikagonga kwa hasira, kikapunguza, kikanyamaza.

Mjane alipokuwa akiondoka alimshika mkono. Akamwambia asitoboe tundu, hata la sindano, na kila mwaka aongeze kiraka hadi siku atakayokufa, na amtafute wa kumrithi. "Na mkeo usimwambie lilipo," akasema. "Aliyewahi kukaliwa, akijua lilipo, hulisikia likimwita, na akilisikia atakwenda."

Mkewe akapona. Hakukumbuka kitu ila homa. Wiki hiyohiyo alishagombana na uzi, na Nyundo akajifungia chooni akalia kwa furaha. Aliomba wauze gari, mkewe akamtazama kama mwendawazimu. Angemwambia nini? Viti vilikuwa tayari, ngozi nyekundu yenye mshono mweupe, vimekaa kama mikono iliyofunguliwa. Kwa hiyo Nyundo alilipaka gari rangi, akatafuta visingizio vya breki na matairi, na kila asubuhi mkewe akiwa bado jikoni alikwenda kuugonga ubavu wa kushoto na kusubiri. Kulikuwa na jibu. Akapumua. Mtu aliyeishi kwa kuuchukia mlio ule sasa aliamka akiuombea uwepo.

Siku ya safari alikwenda kununua mafuta na mkewe akabaki akifungasha zawadi za dada yake. Aliporudi, akaukuta mlango wa karakana wazi na jua limeingia hadi ndani. Gari lilikuwa juu ya jeki. Mkewe alikuwa amepiga magoti kando yake, gauni zuri amelikunja kiunoni, miwani ya mumewe usoni na drili mkononi, na sakafuni mbele yake kulikuwa na vumbi jipya la chuma linalong'aa.

"Nimekuokoa aibu, bwana mkubwa," akasema akicheka. "Unawahubiria watu kila siku, halafu gari lako mwenyewe unalisahaulia matundu ya maji? Nimekutobolea. Angalia yalivyonyooka."

Yalikuwa yamenyooka. Yalipita kwa mstari chini ya ubavu wote, masafi, yamepigwa rangi ya kuzuia kutu pembeni kama alivyomfundisha mwenyewe.

Nyundo akaweka dumu chini. Akaokota kinyundo, akaugonga ubavu, akasubiri. Chuma kikalia mara moja, mlio mwembamba mzuri, kikanyamaza. Akagonga tena. Hakuna aliyejibu.

"Mbona umekuwa hivyo?" mkewe akauliza. Akainuka, akamjia, akamkumbatia akiwa na cheko bado kooni, na Nyundo akamzungushia mikono kwa nguvu zake zote, akamlaza kiganja mgongoni, akafumba macho, akawa anaomba kimoyomoyo asihisi kitu.

"Nina kiu," mkewe akasema begani pake.

Chini ya kiganja chake, polepole, kitu kikagonga.