Chupa Tatu Kutoka kwa Etyang

Kila asubuhi Mama Benedetta alifagia uwanja wake. Alianza mlangoni, akazunguka ghala la wimbi, akamalizia njiani ambako baiskeli hupita kutoka Chakol kwenda Malaba. Siku moja aliniambia, huku akicheka kidogo, kwamba nyayo anazozifagia ni zake mwenyewe za jana. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amepita hapo.

Sikuweza kucheka naye. Mimi ni mwalimu wa ngumbaru, yaani nawafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Natoka Bumala, lakini nimekaa kwa Wateso miaka kumi. Nimejifunza kwamba wanafunzi wangu hawatafuti herufi tu. Wengine wanatafuta watu wa kukaa nao, na Mama Benedetta alikuwa mmoja wao.

Mumewe alifariki mwaka wa 1993. Mabinti zake wawili waliolewa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Alibaki na kitinda mimba wake, Etyang, dereva wa lori. Etyang alibeba mizigo kutoka Mombasa mpaka Kampala. Mara mbili kwa mwezi lori lake lilisimama Malaba mpakani, kwenye ile foleni ndefu ya kungojea karatasi za forodha. Kutoka pale mpaka kwa mama yake ni safari ya saa moja na kitu kwa baiskeli. Lakini dereva haachi mzigo. Akigeuka tu, turubai limekatwa.

Kwa hiyo Etyang hakufika. Alituma vitu. Aliyevileta ni Omagor, mwendesha boda boda, na siku hizo boda boda ilikuwa baiskeli tu. Mwanzoni mwa mwaka wa 1998 Omagor alileta katoni. Ndani mlikuwa na chupa tatu za vidonge na makopo mengi ya kinywaji, kila kopo limechorwa radi nyekundu.

"Etyang anasema hizi ni vitamini," Omagor alimweleza. "Kila chupa unatoa moja asubuhi, moja jioni. Hii ya kopo ni ya kuongeza nguvu."

Mama alipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo hakukosa hata mara moja. Katoni ilipokaribia kwisha, nyingine ilifika.

Sasa nieleze jambo moja kuhusu watu hawa. Chakula chao ni atap, ugali wa wimbi na muhogo. Atap huwekwa katikati na kila mtu humega kutoka bonge lile lile. Mama Benedetta alikuwa amezoea kupikia watu saba, jamaa na majirani. Alipobaki peke yake alijaribu kupika bonge dogo, akaliangalia, akashindwa kula. Aliniambia kwamba atap ya mtu mmoja haiivi. Basi akaacha kupika. Alikunywa chai, akala kipande cha muhogo, kisha akameza vidonge vyake na kufungua kopo. Aliona anakula chakula cha mwanawe, na kwamba kwa njia hiyo wanakula pamoja.

Darasani alikuja na kopo moja tupu. Humo ndimo alimoweka penseli zake, na alilishika kama mtu anayeshika Biblia.

Mwezi wa sita niliona mwandiko wake umeharibika. Herufi zilipanda juu ya mstari na kushuka. Mimi na ulimi wangu tukamtania mbele ya wenzake kwamba herufi zake zinacheza ngoma ya isukuti. Watu walicheka. Yeye aliinamisha kichwa akafuta alichoandika. Mpaka leo utani huo unaniuma. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, nami nilidhani ni uzee. Midomo yake ilikuwa imepasuka, nikadhani ni vumbi. Alipolalamika kwamba kichwa kinamuuma na usingizi umemkimbia, nikamwambia kwamba hayo ni mawazo tu. Mwalimu mzima, na macho sina.

Jumatano moja nilimwita ubaoni aandike jina lake. Aliandika "Bene", kisha akashika ubao na kukaa chini. Nilipoweka mkono kifuani mwake, moyo ulikuwa unakimbia kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Omagor alimbeba kwenye baiskeli mpaka zahanati. Mimi nilifuata kwa miguu, nikimwomba Mungu njia nzima.

Muuguzi pale alikuwa Sista Jacinter, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alimpima presha na kuikuta iko juu. Akamuuliza kama anakunywa pombe. Mama alisema hata ajon, ile pombe ya wimbi ambayo watu hunyonya pamoja kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, ameiacha kwa sababu hana wa kukaa naye chunguni. Akamuuliza kama kuna dawa anayotumia. Mama akasema hatumii dawa yoyote.

Hakuwa anadanganya. Kwake yeye, kile kilikuwa chakula kutoka kwa mtoto. Ni mimi niliyekumbuka kopo la penseli.

"Mama," nikamwambia, "mwambie Sista kitu unachokunywa kwa lile kopo."

Basi akaeleza yote. Sista alimtuma Omagor nyumbani, naye akarudi na katoni nzima. Sista akazipanga zile chupa tatu mezani. Moja ilikuwa ya manjano, moja nyeupe, moja ya kijani. Akamwita mama karibu.

"Mwalimu anasema unajua kusoma sasa. Hii herufi ni gani?"

Mama aliinama. "A."

"Na hii chupa ingine?"

"Pia A." Akaishika ya tatu bila kuambiwa, akatafuta kwa kidole. "Na hii iko na A."

"Sasa umeona. Majina ni matatu, rangi ni tatu, lakini vitamini A iko kwa zote. Hapa wameandika kidonge kimoja kwa siku, na hicho kimoja kinatosha na kinabaki. Wewe unakula ngapi?"

Mama alihesabu kwa vidole. "Sita."

Sista alieleza polepole. Kuna vitamini ambazo zikizidi hutoka na mkojo. Vitamini A haitoki hivyo. Huwekwa kwenye ini, na ini likijaa mtu huugua. Kichwa huuma, midomo hupasuka, nywele hukatika, na mwisho ini lenyewe huharibika. Kopo la radi lilikuwa na kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa, lakini nyingi, pamoja na sukari ya kutisha. Kafeini ikizidi huukimbiza moyo, hutetemesha mikono na kufukuza usingizi. Mtu wa presha, mama mjamzito na mtoto mdogo hawafai kuligusa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali lake.

"Kwa hivyo kijana yangu amenitumia sumu?"

"Hapana, mama. Chumvi ni sumu? Lakini ukimwaga pakiti mzima kwa mboga, nani atakula?" Sista alikaa karibu naye. "Mtu akikosa vitamini, tunampa, na tunampa za kiwandani hizi hizi. Kutengenezwa kiwandani si kosa. Kosa ni kula bila kupimwa, na kuchanganya, na kuchukua kitu hujui kimetoka wapi. Angalia hii ya kijani. Tarehe imekwaruzwa, na mahali imetengenezwa hawajaandika. Mimi mwenyewe siwezi kujua kama kilichoandikwa ndicho kilicho ndani. Hii hata kuku usimpe."

Halafu akamuuliza anakula nini. Mama akataja chai na muhogo. Akamuuliza anakula na nani, na hapo mama akaangalia zile chupa tatu mezani.

"Sista," alisema, "nikiacha hizi, nitabaki na nini ya Etyang?"

Sista alichukua kalamu. Alimwandikia siku ya kurudi kupimwa. Akamwambia akale wimbi, kunde, maharagwe, mayai ya kuku wake na papai la shambani. Chupa akabaki nazo yeye.

Mama aliacha vidonge na makopo siku hiyo hiyo. Siku za kwanza kichwa kilimuuma zaidi, kama Sista alivyokuwa ametuonya, maana mwili uliozoea kafeini hulalamika ukinyimwa. Baadaye usingizi ulirudi. Mwezi ulipokwisha mkono ulitulia na presha ikaanza kushuka. Lakini alikuwa na huzuni. Alifagia uwanja wake, akakaa kwenye kigoda, akaangalia njia.

Ndipo alipokuja kwangu na karatasi. Alitaka kumwandikia mwanawe. Nilijitolea kumwandikia mimi, akakataa. Ilimchukua siku mbili. Naikumbuka barua yote, kwa sababu ilikuwa fupi.

"Etyang. Vidonge nimeacha. Vilikuwa vinaniumiza. Usitume tena. Lori ikifika Malaba nitumie Omagor. Nitakuja na atap. Mimi mama yako."

Omagor aliipeleka Malaba na kuwaachia madereva wengine. Wiki tatu zilipita bila neno. Mama aliamini kwamba mwanawe amekasirika kwa kukataliwa zawadi yake. Nilimwambia barabara ni ndefu, lakini moyoni nami nilikuwa na wasiwasi.

Siku ya kumi na nane ya mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, Omagor alipiga kengele ya baiskeli pale uwanjani. Etyang alikuwa Malaba, lori la kumi na nne kwenye foleni. Mama aliingia ndani. Alichota unga wa wimbi, akachota tena, akateleka sufuria kubwa. Alisonga kwa mikono miwili, jasho likimtoka, bonge la watu saba. Mimi, niliyekuwa nimemtembelea, nilibeba kunde zilizoungwa kwa karanga. Tulipanda baiskeli mbili, mimi na sufuria yangu nyuma ya rafiki wa Omagor.

Etyang aliteremka kutoka kwenye lori alipotuona. Alikuwa kijana mrefu, macho mekundu, midomo imekauka. Alinyoosha mkono kumsalimu mama yake. Mama aliushika mkono ule na hakuuachilia. Ulikuwa unatetemeka.

"Unakunywa ngapi?" akamuuliza.

Etyang alielewa mara moja. "Makopo nne. Tano, kama naendesha mpaka asubuhi."

"Na vidonge?"

"Kama wewe tu, mama. Asubuhi na jioni." Aliangalia chini. "Nilikuwa najua saa hiyo na wewe uko unakunywa. Nilikuwa naona ni kama tunakula pamoja."

Niligeuka upande wa pili nikafuta macho yangu kwa kanga. Miezi sita watu wawili walikuwa wamekaa peke yao, kila mtu na chupa zake, wakijidhuru kwa upendo ule ule.

Mama alitandika gunia chini kwenye kivuli cha lori, akaweka atap katikati. Walimega. Alimweleza yote aliyoambiwa na Sista, bila kuacha neno, na aliposahau nilimkumbusha. Etyang alisema dereva hawezi kwenda bila makopo, atasinzia. Mama akamuuliza mara ya mwisho amelala lini vizuri. Etyang hakukumbuka.

"Usingizi dawa yake ni kulala," mama alisema. "Panda juu ulale. Mimi nitachunga mzigo."

Akalihamisha lile gunia nyuma ya lori, akaketi na mwiko wa atap mkononi. Etyang alilala tangu saa sita mchana mpaka saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyethubutu kusogelea lile turubai.

Siku iliyofuata, kabla ya kuvuka, Etyang alimwomba dereva mwenzake aliangalie lori kwa saa chache. Alipanda nyuma ya Omagor, akapimwa na Sista Jacinter, akakabidhi chupa zake. Tangu hapo yeye na mwenzake huyo huchungiana mizigo kwa zamu. Mmoja akilala au akienda kula, mwingine hukaa. Walikuwa na haja ya jambo hilo miaka yote, ila hakuna aliyekuwa ameuliza.

Juzi nilipita kwa Mama Benedetta asubuhi. Alikuwa anafagia. Uwanja wote ulikuwa safi, isipokuwa kipande kidogo karibu na mlango, ambako nyayo za viatu vikubwa zilikuwa zimekanyaga udongo wa mvua. Nilichukua ufagio wa pili nimsaidie.

"Hizo acha, Mwalimu," aliniambia.